Petroli Iliyonukia Maziwa

Daktari wa marubani kule Mombasa ni mtu mpole, na upole wake ndio ulionitia hofu. Alinipima presha mara tatu, kila mara akinipumzisha kwanza, kisha akaandika cheti taratibu na kukisukuma mezani kuelekea kwangu. "Hiki kinaisha mwisho wa mwezi ujao," alisema. "Kingine sitaweza kukuandikia, mzee. Presha yako na hilo jicho la kushoto havitaniruhusu." Nilimshukuru, nikatoka nje, nikakaa kwenye ukuta mfupi karibu na magari. Nilikuwa na wiki saba za kuwa rubani, na ndege niliyoijenga kwa mikono yangu kwa miaka tisa ilikuwa bado haijaacha ardhi hata kimo cha mbuzi.

Mimi ni mtoto wa wafugaji, Muorma wa nje ya Garsen, ila ng'ombe walinishinda mapema. Zaidi ya nusu ya umri wangu nilikuwa fundi kwenye karakana ya ndege ndogo huko Malindi, nikiwafungia watu injini ili wao wapae na mimi nibaki chini na kitambaa mkononi. Leseni ya urubani niliipata nikiwa na mvi tayari. Nilipostaafu nilirudi nyumbani na vipande vya ndege ndani ya lori la mbuzi: mbawa za bati jepesi, viti viwili, na injini ya silinda nne niliyoinunua ikiwa mbovu nikaifufua. Nyuma ya nyumba ya mama nilijenga banda la mabati, na mbele yake nikasawazisha uwanja, nikifukia mashimo ya ngiri moja baada ya jingine. Mwanzoni watu walikuja kutazama. Baada ya mwaka wa tatu walichoka, wakabaki kuniuliza sokoni kama ndege yangu imeshataga.

Sheria yangu bandani ilikuwa moja tu, mtu asiguse kitu. Siku moja, zamani, mama alifagia banda kwa nia njema na skrubu mbili ndogo zikaenda na taka. Nilimpigia kelele mama yangu mzazi mbele ya wajukuu. Nilimwomba radhi jioni ile ile, naye akasema yamekwisha, lakini tangu siku hiyo hakuniuliza tena lolote kuhusu ndege, wala mimi sikumweleza. Nilijiambia kwamba ndiyo amani.

Mkaguzi kutoka Nairobi alikuwa amenipa siku, Jumatano ya wiki ya sita. Sheria inataka mkaguzi aione ndege, aisikilize injini ikiwaka kwa nguvu zote, ndipo atie sahihi. Nikikosa siku hiyo, siku nyingine ingeniangukia cheti cha daktari kikiwa kimeshakufa. Kwa hiyo nilijiandaa kama mtu anayeoza binti. Nilinunua Garsen mtungi mpya wa chuma wa lita ishirini, maana ule wangu wa zamani wa plastiki sikuuamini tena, nikauacha nyumbani kwa mama, nikaenda Malindi siku mbili kuchukua karatasi zilizobaki. Niliporudi niliujaza mtungi petroli nzuri, nikamimina ndani ya tangi, nikawasha injini. Ikanguruma vizuri. Nililala nikiwa na furaha ya mtoto.

Mara ya tatu kuwasha, ilianza kutetemeka.

Haikuwa mtetemeko wa kumtisha mtu asiyejua. Sauti ilikuwepo, propela lilizunguka, lakini kiti kilinipiga mgongoni na kioo cha mbele kilikuwa kikiimba. Nikivuta nguvu kidogo inakohoa, nikivuta nyingi inajikaza kisha inakohoa zaidi. Nikazima. Mama alikuwa ameketi mlangoni pake, hatua hamsini hivi kutoka hapo. Macho yake yamefifia, haoni zaidi ya kiganja chake, ila masikio yake husikia ndama akijikuna.

"Ile inachechemea," alisema kwa Kiorma, kwa sauti ya mtu anayesema na ukuta. "Ina miguu minne. Mmoja haukanyagi."

Nilikuwa na hasira, na kilichonikasirisha zaidi ni kwamba alikuwa amesema kweli. Silinda nne, moja haifanyi kazi. Nimefanya kazi hii miaka mingi, naye amepata jibu akiwa anachambua mchele.

Kesho yake nilimwita rafiki yangu wa Golbanti. Yeye ni Mpokomo, fundi wa pampu za kumwagilia mashamba kando ya mto, mtu ambaye hajawahi kufanya haraka maishani mwake na bado humaliza kabla yangu. Alikuja na pikipiki, akafuta miguu mlangoni mwa banda kwa dharau ya makusudi, akauliza, "Niingie, au nivue viatu kwanza kama msikitini?"

"Ingia, uache maneno."

Tulianza na kazi ya kijinga inayosema kweli kuliko vyombo vya bei. Niliwasha injini dakika moja, nikazima, naye akapita na kitambaa kibichi akikigusisha kwenye bomba la moshi la kila silinda, karibu na kichwa. Kwenye la kwanza kikafuka mvuke. La tatu na la nne vivyo hivyo. La pili likanyamaza. Mguu usiokanyaga ulikuwa huo.

Ndipo tukaanza kubadilishana vitu kati ya silinda mbovu na jirani yake, maana ugonjwa ukihama na kitu, kitu hicho ndicho mgonjwa. Tulihamisha plagi za silinda ya pili kwenda ya tatu. Ugonjwa ukabaki pale pale. Ikabaki nozeli. Injini hii haina kabureta. Petroli husukumwa na pampu hadi kwenye nozeli nne, moja kwa kila silinda, na kila nozeli ina tundu dogo ambalo hata unywele mnene hauwezi kupita bila kuinama. Tukahamisha nozeli ya pili kwenda silinda ya tatu. Tukawasha, tukazima, kitambaa kikapita. Safari hii la tatu ndilo lililonyamaza.

"Tumemshika," alisema rafiki yangu.

Niliifungua ile nozeli nikaiinua kuelekea mwanga wa mlango. Tunduni mlikuwa na kitu cha rangi ya hudhurungi, chenye kunata, kama ulimbo. Sikuwahi kuona uchafu wa namna hiyo. Kwenye chujio la tangi nilikuwa nimekuta vumbi jeusi siku iliyotangulia, nikadhani ni rangi ya mtungi mpya inayobanduka, nikalifuta nikasahau. Rafiki yangu alipanda pikipiki hadi Garsen, kwenye duka linalouza vipodozi, akarudi na chupa mbili za asetoni ya kutolea rangi ya kucha. Mwenye duka alimuuliza kama ni za mkewe. Alijibu ni za ndege, na mwenye duka akamwonea huruma.

Tukailoweka nozeli usiku kucha. Asubuhi ilipitisha mwanga safi. Injini ikawaka, kiti kikatulia, mama kule mlangoni hakusema kitu. Nilimpikia rafiki yangu samaki mwenyewe, jambo ambalo silifanyi, na tukala tukizungumza habari za upepo.

Siku mbili baadaye, silinda ya nne ikafa.

Hapo nilifanya jambo ninaloliona haya mpaka leo. Sikukaa nikafikiri. Nilichukua chujio, ambalo lilikuwa limekusanya tena lile vumbi jeusi, nikaenda Garsen kwa kijana anayeniuzia petroli. Yeye ni mtu safi, huchuja kila tone kwa kitambaa na hukuonyesha kitambaa bila kuombwa. Nilimkuta akiwahudumia waendesha boda, nikamwambia mbele yao wote kwamba anachanganya petroli na mafuta ya taa na kwamba anataka kuniua.

Alimaliza kwanza kumjazia mteja wake. Kisha akasema, "Mzee wangu, petroli hii inaendesha boda zote unazoziona hapa. Ipi imekohoa?"

Waendesha boda walitazamana. Mmoja alisema yake haijakohoa. Nilijua pale pale kwamba hoja yangu ni mbovu, kwa sababu mafuta ya taa hayaachi ulimbo, na mimi ndiye niliyekuwa nikiwafundisha wanagenzi jambo hilo. Lakini nilikuwa nimeshapanda juu ya hasira yangu na sikujua njia ya kushuka. Nikaondoka bila kusema kwaheri. Ilikuwa Alhamisi, na mkaguzi alikuwa anakuja Jumatano.

Rafiki yangu alinikuta jioni nimekaa juu ya mtungi wangu mtupu, nikitazama sakafu. Hakunipa pole. Aliuliza, "Umepima kila nozeli inatoa kiasi gani?"

Nilikuwa sijapima. Kipimo hicho ni cha kawaida: unazitoa nozeli zote nne zikiwa bado kwenye mirija yake, kila moja unaielekeza kwenye chombo chake, unawasha pampu ya umeme kwa muda mmoja kwa zote, kisha unalinganisha. Vyombo viwe vya kioo na viwe sawa. Niliingia nyumbani kwa mama, ambaye alikuwa amejilaza, nikachukua bilauri zake nne za chai, zenye maua mekundu, nikatoka nazo. Sikumuuliza.

Tulizipanga chini ya injini. Rafiki yangu alihesabu, mimi nikawasha na kuzima. Bilauri ya kwanza ilifika kwenye maua, nayo ilikuwa chini kidogo ya kipimo cha kitabu cha injini. Ya pili na ya tatu zilipungukiwa kidogo na maua. Ya nne ilikuwa na petroli ya kufunika kitako tu, na nozeli yake ilikuwa ikidondosha badala ya kurusha. Hakuna nozeli iliyokuwa nzima kabisa; zote zilikuwa njiani kuziba, kila moja kwa zamu yake. Kwa hiyo tatizo halikuwa nozeli. Lilikuwa ndani ya petroli yenyewe.

Rafiki yangu aliinua bilauri ya kwanza, akaitazama rangi, akaisogeza puani. Akaishusha. Akainusa tena, na uso wake ukawa wa mtu anayetafuta jina la jamaa aliyekutana naye barabarani.

"Ndugu yangu," alisema, "mbona petroli yako inanukia maziwa?"

Nilimwambia aache mchezo, nina siku tano tu.

"Sichezi. Kwetu maziwa hayanuki hivi. Nikija hapa mama yako akinipa maziwa, yananukia hivi hivi. Ule moshi wenu."

Nilichukua bilauri nikanusa. Sikusikia chochote zaidi ya petroli, na nikaelewa kwa nini. Mimi nimezaliwa ndani ya moshi ule. Nguo zetu zinaunukia, mito ya kulalia inaunukia, na pua yangu imeacha kuuhesabu kama harufu. Kwetu chombo cha maziwa hakiingii kazini bila kufukizwa. Mwanamke huchukua vijiti vya mti mgumu anaoujua, akaviwasha, akaviingiza ndani ya kibuyu vikiwa makaa, akafunika, akatikisa, akavimwaga, akafuta kwa brashi ya nyuzi. Ndiyo usafi wetu, na ndiyo maana maziwa yetu hukaa.

Nilikwenda mlangoni kwa mama na mtungi mkononi. Alikuwa ameamka, ameketi kitandani. Niliuweka mtungi mbele yake, akaupapasa.

"Mama, huu mtungi uliugusa nilipokuwa Malindi?"

Aliusogeza mtungi karibu na magoti yake. Kisha akaniambia yote bila kujitetea. Mtungi ulikuja mpya, unanuka kiwanda, mafuta machafu ya chuma. Akasema moyoni, mwanangu anakwenda kutia humu chakula cha kile kitu ambacho atakipanda angani peke yake, na chombo hakijasafishwa. Akatafuta vijiti vizuri, vile anavyoweka kwa ajili ya vibuyu vya wageni. Aliufukiza mara tatu, akaufuta, akaufunga kifuniko. "Sikukwambia," alisema, "kwa sababu ungepiga kelele."

Masizi yalikamatwa na chujio. Lakini moshi huacha pia lami nyembamba kwenye kuta za chombo, na petroli huiyeyusha lami ile, ikapita nayo kwenye kila chujio kama maji. Injini ikizimwa ikiwa ya moto, petroli iliyobaki kwenye nozeli hukauka, na lami hubaki nyuma. Leo kidogo, kesho kidogo. Nilikuwa nimelipata jibu, na nilifungua kinywa nimwambie, pengine kwa sauti isiyokuwa nzuri, nisiseme uongo.

Mama alinitangulia. "Umepoteza harufu yake sasa," alisema, akiwa ameinamia mdomo wa mtungi. "Nilitaka kuufukiza tena kesho, ukienda kuswali Ijumaa."

Mtungi ulikuwa mtupu, lakini mtungi mtupu wa petroli umejaa mvuke, na mama yangu, asiyeona, angeutia kijinga cha moto akiwa ameukumbatia mapajani. Nilikaa chini kwenye mkeka. Nilimshika mikono yote miwili kwa nguvu, mpaka akaniuliza kama ni presha.

"Siyo presha, mama. Nisikilize."

Nikamweleza. Nilianza na petroli na moto, nikarudia mara mbili, kisha nikaendelea tu: nozeli ni nini, kwa nini ni nne, mkaguzi ni nani, daktari alisema nini. Hilo la daktari sikuwa nimemwambia mtu. Alisikiliza kama anavyosikiliza injini, kichwa kimeinama upande. Nilipomaliza aliuliza, "Kwa hiyo nimekuharibia?"

"Hapana. Niliyekuharibia ni mimi. Kama ungeweza kuniuliza, ungeniuliza."

Hakusema yamekwisha, kama mara ile. Alisema, "Na bilauri zangu umezichukua bila kuniuliza." Rafiki yangu, aliyesimama mlangoni, alicheka mpaka akashika mwimo.

Siku nne zilizofuata tulifanya kazi watatu. Tulimwaga tangi lote, tukasafisha mirija, tukaloweka nozeli zote nne hadi duka la vipodozi likaishiwa asetoni. Mama alikaa bandani, juu ya kiti nilichomwekea mimi mwenyewe, akizishika nozeli moja moja na kutuambia ipi bado inanukia. Pua yake ilitofautisha moshi wa jana na wa mwezi uliopita, seuze moshi na petroli. Ule mtungi tuliuosha kwa sabuni, tukaujaza maji, tukauanika wazi juani, na mwisho ukawa wa maji ya ndama.

Nilirudi Garsen pia. Kijana wa petroli aliniona nikija akaendelea kuchuja. Nilimwambia nimemkosea na nikaeleza kosa lilikuwa wapi. Alifikiri, akasema, "Mzee, ulinitukana mbele ya watu saba. Hapa wako watatu. Waliobaki utawatafuta mwenyewe." Niliwatafuta. Mmoja nilimfuata hadi Tarasaa.

Mkaguzi alikuwa mwanamke kijana mwenye maneno machache. Jumatano ile alizunguka ndege saa nzima na tochi, akasoma karatasi zangu, kisha akaniambia niwashe nguvu zote kwa dakika tano. Alisimama kando ya bawa, mkono juu ya bati. Dakika tano hizo zilikuwa ndefu kuliko miaka tisa. Alipotia sahihi aliuliza yule bibi mlangoni anahesabu nini kwa vidole. Nilimwambia anahesabu miguu.

Nilipaa mara tatu kabla cheti hakijaisha. Ya kwanza ilikuwa asubuhi, siku iliyofuata. Jioni iliyotangulia mama alikuwa ameniuliza maswali, mengi, kama mtu aliyefunguliwa bomba, na moja lilikuwa: ukiwa juu unajuaje upepo unatoka wapi. Nilimweleza kwamba natakiwa kutua nikiuelekea upepo, na kwamba nilikuwa na kitambaa juu ya mti cha kunionyesha lakini mbuzi wamekirarua. Asubuhi alinijia na kibuyu. "Hiki naruhusiwa?" akauliza. Nilikunywa maziwa yote nikiwa nimesimama, na kwa mara ya kwanza tangu utotoni nilisikia ladha ya ule moshi.

Kisha uwanja ukakimbia chini yangu, ukaisha, na kiti kikatulia. Nilipiga kelele peke yangu kama mwendawazimu. Niliuona mto mzima, umejikunja na kujikunjua hadi ukapotelea upande wa bahari, mashamba ya Golbanti yakiwa mabichi kando yake, na barabara ya Malindi nyembamba yenye lori moja. Jicho la kushoto liliona ukungu, la kulia liliona kila kitu. Injini haikukohoa hata mara moja.

Nilipogeuka kurudi nilitafuta dalili ya upepo, majani, vumbi, chochote. Nyumbani kwa mama palikuwa na moshi mweupe, mnene kuliko wa kupikia, umelala chini ukielekea magharibi. Alikuwa amekoka moto wa kuni mbichi mbali na banda, na alikuwa amekaa karibu nao akiuchochea, uso juu, akinisikiliza nilipo. Niligeukia mashariki, ulikotoka upepo, nikaufuata moshi wake hadi chini.

Nilipozima injini alikuwa bado ameshika kijiti. "Minne kwenda, minne kurudi," alisema, akaniambia nimsaidie kuuzima moto.